Dawati Lenye Jicho

Kila siku akitoka shule, kabla hata hajavua sare, Randa alikuwa na kazi ambayo hakuna mwenzake darasani aliyekuwa nayo. Kazi yenyewe ilikuwa kugeuza mbao. Nyuma ya karakana ya baba yake kulikuwa na banda lisilo na kuta, bati juu, upepo pande zote. Humo mbao zililala moja juu ya nyingine, zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite katikati. Randa aligeuza safu moja kwa siku. Zilizolalia tumbo alizilaza chali, zilizolala chali akazilaza kifudifudi, kama muuguzi na wagonjwa wake. Kwenye ncha ya kila ubao baba yake alikuwa ameandika kwa chaki mwezi ulipoingia bandani, na hakuna ubao uliotoka humo kabla ya kumaliza miezi minane.

Alikuwa anajua kuzipima pia. Unakunja ngumi, unagonga ubao kwa kifundo cha kidole, unasikiliza. Ubao mkavu unaitika, ko, kama mlango wa jirani aliyemo ndani. Ubao mbichi hauitiki. Unafanya bu, basi, kama umegonga gunia la viazi.

Jina lake la shuleni lilikuwa lingine, lakini hilo la Randa ndilo lililomganda. Alipokuwa hajajua hata kutambaa, baba yake alikuwa akimlaza kwenye kikapu cha maranda, yale mabaki laini yanayojikunja randa inapopita juu ya ubao, na binti yake analala fofofo huku vumbi linamwangukia puani. Baba mwenyewe mtaa mzima ulimwita Subiri. Ukienda kuagiza meza, neno la kwanza atakalokujibu ni hilo, subiri. Watu wakamtania kwamba mtu anayetaka kitanda cha harusi kwa Subiri aagize siku anayozaliwa, na akichelewa kidogo kitanda watalalia wajukuu. Mwenyewe alicheka. Alijua makabati yake yamehama nyumba tatu nne na milango bado inafunga bila kusukumwa kwa goti.

Halafu pale kwenye mzunguko wa barabara likafunguliwa duka la samani, watu wakaliita Chapchapu. Unaingia asubuhi, unatoka na kabati kichwani kabla jua halijawa kali. Vitu vinang'aa mpaka unajiona uso, na bei yake ukiitajiwa unadhani muuzaji amekosea. Wateja wa Subiri wakaanza kupita mbele ya karakana wakitazama upande mwingine wa barabara, kama watu waliokumbuka jambo ghafla. Hata vijana wawili waliokuwa wakimsaidia wakahamia huko. Kuna siku nzima zilizopita bila mtu kuingia isipokuwa kuomba maji au kuuliza njia.

Shuleni nako hawakumwacha. "Randa, baba yako bado anasubiri?" Darasa zima linacheka, na yeye anacheka nao ili yaishe.

Aliyekuwa hacheki ni rafiki yake mmoja, Kalamu. Huyu aliitwa hivyo kwa sababu ya mwandiko. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mpaka walimu walikuwa wanamtuma aandike ubaoni kwa niaba yao. Ule ubao uliotundikwa juu ya mlango wa karakana, wenye maneno FUNDI SUBIRI, KAZI IMARA kwa rangi nyekundu, aliuandika yeye akiwa na miaka kumi, amesimama juu ya stuli huku Randa amemshikia kopo. Baba yake Kalamu hayupo tena duniani. Mama yake anafua mashuka hospitalini. Kalamu alikuwa na shabaha moja: kushinda mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, achaguliwe kwenda ile shule ya bweni ya wasichana ambako mtoto anasomeshwa bila mzazi kulipa. Mama yake alishasema waziwazi kwamba kwa mshahara wa kufua mashuka hana njia nyingine.

Basi ikatokea shule yao ikataka madawati mapya arobaini. Mwenyekiti wa kamati ya shule, bwana mmoja mnene mwenye duka la simenti, akaita mkutano wa wazazi, na akawaambia mafundi walete dawati la mfano. Subiri alileta lake. Alilitengeneza kwa mbao za miezi kumi, kila kiungo kimechongwa ulimi upande huu na tundu upande ule, vikagongwa vikashikana bila msumari hata mmoja. Juu ya meza yake kulikuwa na fundo la mti, jeusi katikati, limezungukwa na duara la hudhurungi. Ungedhani ni jicho linakutazama. Mwenyekiti alilikalia, akalitingisha, mwisho akapanda juu yake na viatu vyake na mwili wake wote ule. Dawati halikulia hata kidogo. Wazazi wakapiga makofi.

Ndipo ikasomwa barua ya Chapchapu. Nusu ya bei ya Subiri.

Mwenyekiti akauliza ni nani anataka kulipa bei kamili wakati nusu ipo. Hakuna aliyejitokeza. Wanaotaka nusu wainue mikono. Mikono ikainuka chumba kizima, ungedhani wanagawa sukari. Lakini kwa kuwa lile dawati lenye jicho lilikuwa limewaingia moyoni, mwenyekiti akamgeukia Subiri na kumwambia maneno ambayo Randa, aliyekuwa anachungulia dirishani na Kalamu, aliyasikia vizuri.

"Fundi, sisi tunataka dawati lako hili hili, ila kwa bei ya yule. Na yawe tayari ndani ya mwezi mmoja. Ukishindwa, hatukulazimishi, mwenzio anangoja."

Subiri aliomba apewe mpaka kesho.

Usiku nyumbani alikaa juu ya gogo la kupasulia, mikono imelegea. Akamwambia Randa kwamba mbao kavu zilizomo bandani zinatosha madawati matano, labda sita. Zilizobaki angenunua mbichi zinazotoka mashineni siku hiyo hiyo, na hizo kwa mwezi mmoja hazikauki hata ukizipepea kwa mdomo. Kwa hiyo kesho atakwenda kusema hapana, yaishe.

Randa akaona yale madawati arobaini yanaondoka. Akaona vicheko vya darasani, akaona karakana kimya, akaona Chapchapu wanaingia na gari lao lenye muziki. Akakumbuka kitu alichomwona kijana mmoja wa pale dukani anafanya.

"Baba, wewe chukua hiyo kazi," alisema. "Wenzako wanachanganya gundi na vumbi la mbao, wanaziba nyufa, wanapiga vanishi juu. Haionekani kabisa. Watajuaje?"

Baba yake alimtazama. Hakumkemea, na pengine Randa alitamani amkemee. Alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kopo la gundi.

Kazi ile ilikwenda mbio kuliko kazi yoyote iliyowahi kufanyika mahali pale. Mbao kavu za bandani hazikuguswa. Mbichi zilishuka kutoka kwenye lori zikiwa nzito, baridi, zinanuka utomvu, na msumari ukiingia, maji yanatoka pembeni kama jasho. Hakukuwa na ulimi wala tundu. Misumari minne kila mguu, haya, lete lingine. Randa alikaa chini na kopo lake, anachota vumbi la mbao, anakoroga na gundi mpaka linakuwa kama uji mzito, analisokomeza kwenye kila pengo kwa kisu kisha anapaka vanishi kwa brashi. Alikuwa hodari. Baada ya siku chache ungemletea ufa wa kuingia kidole na usingeuona tena.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Mwezi mzima baba yake hakugonga ubao hata mmoja kusikiliza unavyoitika. Na hakuna siku aliyosema subiri.

Madawati yalipofika shuleni yalikuwa thelathini na tisa ya namna moja, na la arobaini ni lile la mfano. Ukiyatazama yamepangwa, yote yanang'aa sawasawa. Mwenyekiti akatoa hotuba, akawasifu wazazi kwa kubana matumizi. Wanafunzi wakaambiwa waingie, kila mtu na mwenzake wachague pa kukaa. Randa hakusukumana na mtu. Alipita katikati ya madawati anatafuta jicho, akaliona safu ya pili karibu na dirisha, akamvuta Kalamu mkono.

"Hapa pana nini cha ajabu?" Kalamu aliuliza.

"Pana mwanga," alijibu Randa.

Miezi miwili ikapita. Kiangazi kikashika, vumbi likawa linaingia darasani kama mwanafunzi mgeni. Madawati yakaanza kulia. Mwanzoni ilikuwa mchezo, mtu anajitingisha makusudi ili mwenzake aseme kuna panya. Kisha ile gundi ya Randa ikaanza kukatika na kudondoka vipande vipande, na wavulana wakawa wanaviokota wanarushiana visogoni. Mwalimu wa darasa alikuwa na jiwe lake mezani, akisikia dawati linalia sana anakwenda kupigilia misumari kwa jiwe, halafu anaendelea na hesabu. Kila jiwe lilipogonga, Randa aliinamia daftari lake.

Dawati lenye jicho lilikuwa kimya muda wote.

Sasa, Randa na Kalamu walikuwa na ugonjwa wa kunong'ona. Siku moja mwalimu akachoka. Akamwambia Kalamu achukue madaftari yake ahamie nyuma, dawati la mwisho pembeni, akakae na mvulana mmoja mrefu ambaye hakuwa na mwenzake. Kalamu akaanza kukusanya vitu vyake. Randa akageuza shingo, akalitazama lile dawati la nyuma. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeachana na ubao, mwanya wa kuingia kidole, na misumari inaonekana katikati inang'aa.

Alifungua mdomo. Mwalimu akamwona.

"Kuna unalotaka kusema?"

Darasa zima likamgeukia. Akiongea, ataulizwa amejuaje. Akisema amejuaje, basi baba yake kwisha, na yeye mwenyewe kwisha.

"Hapana, mwalimu."

Kalamu akahamia nyuma.

Siku ya nne, kipindi cha insha, mvulana mrefu aliinuka kupeleka daftari lake, akaegemea meza kidogo tu kama mtu yeyote anavyoegemea. Mguu uling'oka na misumari yake yote minne, kama jino bovu. Dawati likaenda upande. Kalamu alishika ukingo wa meza ili asianguke, na badala ya kumzuia, meza ikaanguka naye, mkono wake ukiwa chini. Mbao mbichi ni nzito. Randa, safu ya pili, alisikia mlio wa ubao kupiga sakafu, na ndani ya mlio ule mlio mwingine mdogo, mkavu.

Ulikuwa mkono wa kulia. Kidole cha shahada na cha kati vilivunjika. Akafungwa plasta mpaka kwenye kiwiko, akaambiwa wiki sita. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki tano.

Mama yake Kalamu alikuja karakanani siku ya pili yake, saa za mchana, bado amevaa aproni ya kazini. Chini ya kwapa alikuwa na kitu amekifunga kwenye kitambaa. Hakuitikia karibu. Alikifungua kile kitu akakilaza juu ya meza ya kazi mbele ya Subiri. Ulikuwa mguu wa dawati.

Subiri aliutazama. Akakunja ngumi, akaugonga. Bu.

Mama yule akapitisha ukucha pale ambapo mguu ulikuwa umeungana na ubao. Kipande cha kitu kama mkate uliokauka kikadondoka. Akakishika kati ya vidole viwili.

"Hiki ni nini, fundi?"

Randa alikuwa amesimama mlangoni na ufagio, na akajisikia anaongea kabla hajaamua kuongea.

"Ni gundi na vumbi la mbao, mama. Niliipaka mimi."

"Aliyeshika brashi ni mtoto," Subiri alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mzee kuliko yeye. "Aliyempa brashi ni mimi."

Mama yake Kalamu aliwatazama wote wawili, zamu kwa zamu. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Mimi nafua mashuka ya watu nisiowajua," alisema. "Shuka likiwa na doa lisilotoka, nalirudisha naambiwa mzembe, nakatwa mshahara. Lakini silikunji doa likawa ndani. Kwa sababu kuna mgonjwa atakuja kulilalia." Akakikunja kitambaa chake kikiwa kitupu, akatoka. Mguu wa dawati aliuacha.

Subiri alichukua stuli, akapanda, akaushusha ule ubao wa FUNDI SUBIRI, KAZI IMARA, akauegemeza ukutani, maandishi yakitazama ukuta.

Randa alikwenda kwao Kalamu jioni ile jua halijazama. Alimkuta amekaa kizingitini, ubao wa kuandikia juu ya magoti, penseli mkono wa kushoto. Anajifundisha. Herufi zilizokuwa karatasini zilikuwa kama viti vilivyovunjika miguu. Randa akakaa pembeni yake, akaanza kuongea, akasema yote, tangu ule usiku wa watajuaje mpaka mwanya wa kuingia kidole.

Kalamu hakuinua kichwa. "Kwa hiyo lile dawati letu ulilichagua."

"Ndiyo."

"Na siku mwalimu ananihamisha, ulijua."

"Nilijua."

Penseli ikaendelea, ikakwama, ikaendelea. "Basi sogea kidogo," Kalamu alisema. "Unanizibia mwanga."

Mkutano wa wazazi uliitishwa wiki ile ile, na chumba kilijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti alianza kwa kusema kamati ilidanganywa na fundi mmoja tapeli, kwamba huyo fundi ashtakiwe, na kwamba laiti wangekwenda Chapchapu. Hapo mzazi mmoja akadakia kwamba kabati lake la Chapchapu limeshalala chini na nguo zake, kwa hiyo asitajiwe hao watu. Kelele zikapanda. Kila mmoja akakumbuka kitu chake kilichovunjika.

Subiri akasimama. Alikuwa amevaa shati lake la kutokea, na Randa alikuwa pembeni yake.

"Sikuja kujitetea," alisema. "Mlinipa bei isiyotosha, na dawa yake ilikuwa kusema hapana. Mimi nikasema ndiyo kwa mdomo, halafu kule karakanani nikawapunguzia mbao, nikawapunguzia viungo, nikawapunguzia kila msichokiona. Nikawaachia vanishi. Madawati thelathini na tisa nayarudisha yote. Nitayatengeneza upya kwa mbao kavu, moja moja, na sitadai kitu. Itachukua muda mrefu. Kwa hilo mtanisubiri."

Hakuna aliyecheka jina lake likitajwa namna ile.

Mwenyekiti alitaka kufunga mkutano, lakini mama yake Kalamu alikuwa amesimama. Akamwambia mwenyekiti kwamba ana swali dogo tu.

"Wewe unauza simenti. Mtu akija kwako na kung'ang'ania mfuko kwa nusu ya bei, unampa nini?"

Mwenyekiti akafuta jasho. Kutoka nyuma sauti ikajibu, "Anampa mchanga." Chumba kikalipuka kwa kicheko, na kikanyamaza haraka, kwa sababu mama yule hakuwa anacheka.

"Ninyi watoto mlioko madirishani, sikilizeni vizuri, maana wakubwa tumechelewa," alisema. "Fundi ametukosea, na amekiri. Ni haki alipe. Lakini fundi hakuiba usiku. Sisi tulikaa hapa, tukaliona dawati zuri, tukalikalia, tukajua bei yake ni ya haki. Kisha tukaambiwa nusu, tukafurahi. Hakuna aliyeuliza ile nusu nyingine imetolewa wapi. Kitu kikiuzwa kwa bei ndogo kiasi kile, kuna kitu kimetolewa ndani yake. Muuzaji mwaminifu angetuambia, na mnunuzi mwenye akili angeuliza. Hatukuwa na hata mmoja." Akainua mkono wake wa kulia, uliochakaa kwa sabuni, akautazama kama vile si wake. "Siku ile na mimi niliinua mkono. Niliinua huu. Uliovunjika ni wa mwanangu."

Akaketi. Mkutano haukufungwa na mtu, watu waliondoka tu, mmoja mmoja.

Madawati yakarudi karakanani kwa mkokoteni, na wanafunzi wakakaa sakafuni juu ya magunia. Kamati ikaweka utaratibu ambao haukuwepo: kitu chochote kinachonunuliwa kwa ajili ya shule kipinduliwe kwanza, kitazamwe chini na ndani, na muuzaji aulizwe kimetengenezwaje kabla hajaulizwa bei. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyependekeza, kwa sauti ndogo.

Kalamu alifanya mtihani kwa mkono wa kushoto. Alijua majibu. Kengele ya mwisho ililia akiwa na kurasa mbili hajazigusa. Majina ya waliochaguliwa kwenda shule ya bweni yalipobandikwa, Randa alisoma orodha mara tatu akitafuta jina la rafiki yake, na kila mara aliloliona ni la kwake. Kalamu alipata shule ya kutwa ya hapo hapo mjini, ya kulipa. Subiri alikwenda kwa mama yake Kalamu, akaomba ada ile awe anailipa yeye. Mama yule alimwacha amesimama mlangoni muda mrefu. Halafu akakubali, kwa sababu mtoto lazima asome. Hakumkaribisha ndani.

Ilikuwa likizo ya katikati ya mwaka uliofuata, Randa amerudi kutoka bweni, ndipo dawati la thelathini na tisa lilipotoka karakanani. Mwenyekiti alikuja mwenyewe kulipokea. Alilipindua chini juu, akapapasa kila kiungo, akagonga mbao zake kwa kifundo cha kidole bila kufundishwa na mtu. Ko, ko, ko.

Siku hiyo hiyo Kalamu alikuja. Subiri alikuwa amemtumia salamu kwamba ana kazi ya rangi, ya malipo, akitaka. Alikuja na brashi yake mwenyewe. Vidole vyake viwili vilikuwa vimeunga vibaya, vimeinama upande mmoja, na brashi alibidi aishike kwa namna ya pekee, kama mtu anayeshika kijiko cha moto. Subiri aliupiga msasa ule ubao wa juu ya mlango mpaka ukawa mweupe, akauliza maneno gani yaandikwe. Kalamu akasema yale yale, ila KAZI IMARA isubiri kwanza, aandike FUNDI SUBIRI tu.

Akakaa kwenye stuli mbele ya ubao. Randa akashika kopo. Walikwenda hivyo nusu saa nzima. Herufi zilitoka zimelala upande, zinafuata vidole. Kalamu alirudi nyuma akazitazama, akauma mdomo, akaendelea.

"Shika vizuri hilo kopo," alisema bila kugeuka. "Linamwagika."

Randa akalishika kwa mikono miwili.

Rangi ilipokauka Subiri aliutundika ubao. Mtu aliyekuja kuulizia meza alisimama barabarani akaucheka, akasema herufi zimepinda, na kwamba yeye anamjua mwandishi mmoja wa mabango, kijana hodari, tena bei yake ndogo.

"Hapana, utakaa hivyo hivyo," Subiri alimjibu. "Pale herufi zilipopinda ndipo ilipotolewa ile nusu ya bei." Mteja hakuelewa, akauliza meza itakuwa tayari lini. Subiri akamwambia miezi mitatu, na kama ana haraka sana duka la kwenye mzunguko lipo. Yule mtu akatazama mzunguko, akatazama ubao, akakuna kichwa, akavuta kiti akakaa.

Randa alikuwa ameshaingia bandani. Akaanza safu ya kwanza, ubao mmoja mmoja, anagonga, anasikiliza. Wa tano haukuitika. Akautazama mwezi ulioandikwa kwa chaki, akaugeuza ubao, akaurudisha mahali pake.